Mwanangu, anza na swali kabla ya ufadhili

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia unataka kusoma uzamivu katika uchumi wa elimu. Ila orodha uliyonitumia ni ya vyuo tupu. Anza na swali, kwa sababu msimamizi akifungua pendekezo lako atatafuta kwanza jambo moja: utajuaje kwamba hiki ndicho kilicholeta mabadiliko, wala si kingine?

"Sababu za wanafunzi kufeli" ni pana mno. Chukua elimu bila ada. Januari 2016 serikali yetu ya Tanzania iliondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne: shilingi 20,000 kwa mwaka shule za kutwa, 70,000 za bweni. Walioingia mwaka huo walifanya mtihani wa kidato cha nne 2019. Ukilinganisha kabla na baada tu, umepotea, maana sera ilifika nchi nzima kwa mara moja. Afadhali ulinganishe wilaya ambako watoto wengi walikuwa wakiishia darasa la saba na zile ambako wengi walikuwa wakiendelea tayari. Hapo napo pana mtego: ada ikiondoka, wanaoingia chumba cha mtihani si watoto wa aina ile ile. Wastani waweza kushuka bila shule kuharibika, kwa kuwa wamo ambao zamani wasingefika. Basi hesabu pia waliofika kidato cha nne, usitazame alama pekee. Matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA) hutolewa shule kwa shule. Kazi ngumu ni kuzioanisha shule hizo mwaka hadi mwaka, hasa pale wilaya zilipogawanywa.

Soma kwa makini KiuFunza, jaribio la hapa Tanzania ambalo matokeo yake yalichapishwa 2019. Shule 350 za msingi zilipangwa kwa bahati nasibu: 70 zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, 70 walimu wao waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto anayefaulu stadi za msingi, 70 zilipata vyote viwili, na 140 hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Viwili pamoja vilipandisha, tena kuliko jumla ya kimoja kimoja. Kwa nini? Hapo mna tasnifu zaidi ya moja.

Ukikusanya data mwenyewe, usidanganyike na wingi wa wanafunzi. Watoto wa shule moja hufanana: mwalimu mmoja, kijiji kimoja. Tuseme mfanano huo, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.2. Ukichukua watoto 20 katika kila shule kati ya shule 50, una watoto 1,000, lakini taarifa uliyonayo ni kama ya watoto 208 waliochaguliwa mmoja mmoja. Ukichukua 10 katika shule 100, inapanda hadi kama 357. Gharama yako iende kwenye nauli za kufikia shule nyingi, hata kama kila moja utapima wachache. Kibali cha kuingia shuleni nacho kiombe mapema. Wengi hukwama hapo huku muhula ukiisha.

Kuhusu nafasi zenyewe: Marekani utasoma darasani kama miaka miwili kwanza, jumla mitano au sita, na kwa kawaida chuo hukulipia ada na posho. Maombi mengi hufungwa Desemba, nao hutazama sana hesabu zako. Uingereza pendekezo na msimamizi huja mbele. Sweden na Norwei uzamivu ni ajira yenye mshahara, hutangazwa kama kazi. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo katika mpango wa uzamivu wa pamoja wa AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi wa Afrika iliyoko Nairobi, na mimi ningeupa uzito mkubwa: utakuwa karibu na shule unazozichunguza.

Ukimwandikia msimamizi, aya tatu zinatosha: swali, data ulizokwisha kuzishika, na mlinganisho utakaoutumia. Nitumie hizo aya kwanza, nizisome kabla hujazipeleka.

Mama yako