Amri za kutafuta na kufungasha faili zifundishwe kwa kueleweka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu masomo ya awali ya kompyuta. Mwanafunzi hufundishwa kuandika barua, kupanga majedwali na kubofya vitufe, kisha huhitimu bila kujua afanye nini siku atakapokabidhiwa diski yenye maelfu ya faili zilizotawanyika katika folda zisizo na mpangilio, nyingi zikiwa na majina ya kubahatisha. Kisanduku cha kutafutia kitamsaidia kupata faili moja anayoikumbuka jina. Kukusanya zote zenye sifa fulani, kuzifungasha pamoja na kuziweka mahali salama ni kazi ya amri zinazoandikwa kwa kibodi.

Amri hizo, yaani find ya kutafuta faili na tar ya kuzifungasha pamoja, si ngeni. Ile ya tar ilitolewa pamoja na toleo la saba la mfumo endeshi wa Unix mwaka 1979, ikikusudiwa kuandika faili kwenye tepu za kuhifadhia data, na leo imo katika Linux, macOS na, tangu mwaka 2018, hata katika Windows 10. (Amri ya find iliyomo ndani ya Windows, hata hivyo, ni nyingine kabisa: hutafuta maneno yaliyomo katika faili.)

Ninachopinga ni mtindo wa kumpa mwanafunzi amri ndefu aikariri bila kuielewa. Anayeandika find Nyaraka -name "*.pdf" -mtime +365 anaiambia kompyuta iingie katika folda ya Nyaraka na zote zilizo ndani yake, itoe orodha ya faili ambazo majina yake yanaishia na .pdf na ambazo hazijabadilishwa kwa zaidi ya siku 365. Alama za nukuu nazo si pambo, kwani zisipokuwepo, nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, inaweza kufasiriwa na programu inayopokea amri kabla find haijaiona, na majibu yakaja pungufu au yasije kabisa. Mpangilio wa maneno una uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa find husoma masharti kutoka kushoto kwenda kulia: mtu akitanguliza -delete, yaani kitendo cha kufuta, kabla ya -name, yaani sharti la jina, vilivyomo vyote katika folda hiyo hufutwa, wala hakuna kapu la taka la kuviokotea. Kwa sababu hiyo mwanafunzi azoeshwe kuendesha utafutaji mtupu kwanza, asome orodha yote, ndipo aongeze kitendo.

Katika tar, herufi chache hubeba mzigo wote. Katika -czf, c huunda furushi, yaani faili moja inayobeba faili nyingi, z hulibana kwa programu ya gzip ili lichukue nafasi ndogo, na f hutangulia jina la furushi lenyewe, hivyo sharti iwe ya mwisho. Anayeandika -cfz hujikuta na faili inayoitwa z. Herufi hizi hufundishwa, lakini -tzf, inayoonyesha yaliyomo bila kuyafungua, mara nyingi husahauliwa, ilhali ndiyo inayopaswa kutumika kabla ya kugusa faili za awali. Hata orodha hiyo haitoshi: furushi lifunguliwe kwa majaribio katika folda nyingine tupu, kwa sababu likifunguliwa palepale, kwa kawaida tar huandika juu ya faili zenye majina yaleyale bila kuuliza.

Wapo pia wanaofungasha picha na video wakitarajia kupata nafasi kubwa katika diski. Maandishi hubanika sana, lakini picha za JPEG na video zimekwisha kubanwa tangu zilipohifadhiwa, kwa hiyo faida ya kuzifungasha ni mpangilio tu.

Nawaomba wanaotunga mitihani ya somo hili waache kuuliza maana ya kila herufi. Wampe mtahiniwa folda iliyovurugika, wamtake atafute faili za zamani, azifungashe, na aonyeshe kwamba furushi linafunguka kabla hajafuta chochote.

Mwalimu wa kompyuta