Salamu za Krismasi kutoka Kibosho: meza iliyonyamaza

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wote. Baba wadogo na shangazi, wajukuu mlioko Dar, Mwanza na Nairobi, nanyi majirani ambao hatuna damu moja ila tumekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja: nawasalimu nyote kutoka nyumbani.

Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, imefunguka tangu alfajiri, nyeupe tupu, haina hata wingu la kujifunika. Mabasi ya Dar yanashusha watu Moshi mjini usiku wa manane, na huku juu magari yanapanda taratibu yakipishana kwenye vumbi, matairi ya nyuma yamelala kwa mizigo. Nyumba zilizofungwa tangu Januari zinafagiliwa utando wa buibui. Watoto waliozaliwa mjini wanaonyeshwa migomba na makaburi ya mababu. Kila mwaka naona haya, na kila mwaka moyo wangu unajaa upya.

Nimefundisha historia maisha yangu yote, kwa hiyo mtanisamehe nikiwaletea mtu wa mbali kwenye salamu za sikukuu. Benjamin O. Davis Jr. alizaliwa Washington, Marekani, tarehe 18 Desemba 1912, wiki moja tu kabla ya Krismasi. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na mwaka 1940 akawa jenerali wa kwanza mweusi katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Kijana mwenyewe alipandishwa ndege akiwa bado mwanafunzi mdogo, na tangu siku hiyo alitaka urubani.

Mwaka 1932 aliingia chuo cha kijeshi cha West Point. Wenzake weupe wakakubaliana wasimsemeshe. Si wiki, si muhula. Ni miaka 4. Alilala chumba peke yake, na waliokuwa na neno naye walisema la kazi tu, wakageuka. Lakini kinachonikaa rohoni ni bwalo. Wakati wa kula ilimbidi aombe ruhusa kuketi kwenye meza yenye nafasi, na akishaketi hakuna aliyemgeukia. Hebu lifikirieni hilo nanyi mmeshika sahani ya machalari huku jamaa wanapiga kelele pande zote: mtu anatafuna, anasikia vijiko vya wenzake, anaondoka hajaulizwa hata kama ameshiba.

Walidhani atafunga mizigo. Mwaka 1936 alihitimu akiwa wa 35 kati ya wanafunzi 276. Akaomba kurusha ndege, akakataliwa, kwa kuwa jeshi la anga halikuwa na kikosi cha weusi wala halikukusudia kukiunda. Alingoja hadi 1941, yalipofunguliwa mafunzo ya marubani weusi pale Tuskegee, Alabama. Wa kwanza walioanza walikuwa 13, na tarehe 7 Machi 1942 waliovishwa mabawa walikuwa 5. Yeye alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1943 aliongoza skwodroni ya 99, kikosi cha marubani weusi wa kivita, kwenda Afrika Kaskazini. Haukupita muda wakubwa wakaandika ripoti kwamba vijana wake hawana ujasiri wa vita na waondolewe mstari wa mbele. Akasafiri hadi Washington, akasimama mbele ya kamati na kuwatetea. Mtu aliyenyamaziwa miaka 4 alijua siku ya kufungua kinywa, na hakukifungua kwa ajili ya nafsi yake. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, alipokuwa kamanda kweli, kabla ya nyota yoyote ya bega.

Mwaka uliofuata aliongoza kundi la 332 huko Italia, zile ndege zenye mikia iliyopakwa rangi nyekundu. Kazi yao ilikuwa kusindikiza ndege za mabomu. Rubani wa kivita hupata sifa kwa kudungua, na kishawishi ni kumfukuza adui na kuwaacha unaowasindikiza. Davis alikataza: kaeni nao mpaka warudi. Zamani ilisimuliwa kwamba hawakupoteza hata ndege moja waliyoisindikiza. Kumbukumbu zimeonyesha kwamba chache zilipotea, na mimi namheshimu vilevile. Sisi tunajua maana ya kusindikiza. Mgeni haagwi mlangoni, unatoka naye mpaka njia panda, na giza likiingia unazidi kwenda naye.

Baada ya vita, mwaka 1948, Rais Truman aliamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini. Davis akaja kuongoza marubani weupe kule Korea, na mwaka 1954 akawa jenerali wa kwanza mweusi wa jeshi la anga la nchi yake. Alistaafu 1970. Nyota ya nne ya ujenerali alivishwa na Rais Clinton mwezi Desemba 1998, siku chache kabla ya kutimiza miaka 86, na alifariki tarehe 4 Julai 2002.

Nilimfundisha mtu huyu darasani miaka mingi kama mfano wa uvumilivu. Mwaka huu nimemsoma upya, na safari hii macho yangu yameganda kwa wale wengine mezani, wale waliokuwa wakila. Maana mimi nimekuwa mmoja wao.

Wa nyumbani mnajua. Tangu baba alipofariki na kihamba, shamba letu la urithi, kugawanywa, mimi na mdogo wangu hatusalimiani. Ni miaka 6 sasa, kisa ni mstari wa masale, mimea ya mpaka, unaotenganisha shamba langu na lake. Krismasi iliyopita tulichinja mbuzi wawili, hatua 30 kati yetu. Binti yake mdogo alitumwa kuniletea kisusio, supu ya damu ya mbuzi. Alifika kwenye masale akasimama, bakuli mikononi, mvuke unampanda usoni, hajui kama anaruhusiwa kupita. Nilimwona. Sikumwita. Alisimama pale mpaka mvuke ukaisha, akarudi.

Wazee walituachia dawa, na inaota palepale kwenye mpaka. Aliyekosa huchukua jani la sale akampelekea aliyemkosea, na anayeletewa sale hakatai kusamehe. Jumapili baada ya misa nilikata jani moja kutoka mstari uleule tuliogombania, nikazunguka kwa njia ya mbele, si kwa kuruka ua, nikabisha hodi. Alilipokea kwa mikono miwili. Alikaa kimya kwa muda, akalichomeka juu ya mlango, kisha akaniuliza, "Kaka, mbuzi tunachinja saa ngapi?"

Ameniruhusu niyaandike haya. Mbuzi ni mmoja mwaka huu, mkubwa, na atachinjiwa kwake tarehe 25, tukishatoka misa ya kwanza. Bakuli la kwanza la kisusio ni la yule binti. Mlio njiani, madereva wenu wasikimbizane. Mtakaoshindwa kuja, pigeni simu jioni tusikie sauti zenu. Heri ya Krismasi na mwaka mpya, ndugu zangu. Mbege imeshaiva.