Jini tumemkubali, maji yamekataa

Mhariri,

Hadithi ya mfululizo ya gazeti lako husomwa kwa sauti hapa barazani petu Langoni, Lamu, kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Mjukuu wangu husoma, sisi wazee tunasikiliza na vikombe vya kahawa mkononi. Jini aliyeolewa na mvuvi tulimkubali tangu wiki ya kwanza. Hakuna aliyeuliza katoka wapi.

Jumamosi iliyopita imani ile ilikatika. Mwandishi asema usiku wa mwezi mpevu, saa sita, mashua ilifika mbele ya ngome maji yamejaa pomoni, jini akashuka bila kulowa miguu. Mzee mwenzangu akaweka kikombe chini: "Saa sita? Na mwezi mpevu?" Kijana akaendelea kusoma, lakini hakuna aliyemsikiliza tena. Tulikuwa tukizungumza maji.

Mwezi mpevu ni bamvua, maji makubwa yajaayo na kupwa kuliko siku nyingine, na bamvua kwetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Saa nne usiku maji yamekupwa. Saa sita ndiyo kwanza yanarudi. Ufuo uko wazi, mashua zimelala ubavu. Mtoto yeyote wa hapa anayajua haya.

Kinachoniuma ni kile alichokikosa mwandishi. Angeuliza habari za maji, angepata tope, na jini akishuka topeni lazima aache alama. Nyayo au kwato? Bibi yangu aliposimulia majini alitutajia mlango wa nani waligonga na kuni gani zilikuwa zikiwaka jikoni, kisha akanyamaza hapo kwenye alama za kwato. Hatukuthubutu kutoka nje kwenda chooni.

Safari ya Julai katika hadithi hiyohiyo nayo imenisumbua. Jahazi latoka Lamu kwenda Mombasa na upepo nyuma! Julai ni kusi, upepo utokao kusini, nasi twaenda kusini. Nimebeba boriti njia hiyo miaka mingi, kwanza baharia, kisha nahodha: ni kupiga bisha kutwa, kwenda mshazari dhidi ya upepo, kugeuza foromali, ule mti wa tanga, huku na huku, viganja vinachubuka kwa kamba. Upepo wa nyuma kwenda huko ni wa kaskazi, utokao kaskazini, Januari au Februari.

Na yule bibi mkongwe wa Shela, mbona asema kama msomaji wa taarifa ya habari? Siombi mazungumzo yote yawe Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, wasomaji wa bara watapotea. Lakini amwite mjukuu wake "ndoo", yaani njoo, aseme mara moja "mato yangu hayaoni ndia", macho yangu hayaoni njia, nasi tutamwona amekaa dakani, pale mlangoni pa nyumba.

Mwandishi ana kipaji, nampenda kwa hilo. Jini anatakiwa kurudi baharini usiku uleule. Kama sehemu hiyo haijapigwa chapa, namwomba amwondoe saa kumi, kabla ya adhana. Maji yatakuwa yamefika ukutani.

Nahodha mstaafu,
Langoni, Lamu