Barua kwa binti yangu aliye kwenye mizabibu ya Stellenbosch

Hombolo, Dodoma
Julai

Mwanangu mpendwa,

Mbukwenyi, mama. Huku hatujambo. Upepo wa kipupwe unavuma usiku kucha, mama yako anakohoa kidogo lakini shambani anakwenda, na zabibu za msimu wa pili zimeanza kubadilika rangi. Mungu akijalia, mwishoni mwa Agosti tutavuna.

Ujumbe wa sauti uliotutumia Jumapili nimeurudia kuusikiliza. Baridi ya huko nimeisikia, na nimesikia pia lile ambalo hukulitamka: kwamba umefika Afrika Kusini ulikokuota tangu ukiwa mwaka wa kwanza pale Sokoine, na kazi unayopewa ni kuokota matawi yaliyopogolewa na kuosha mapipa. Wakati wa chai wenzako wanaongea Kiafrikana, wewe umeshika kikombe tu. Unaogopa kuuliza kwa sababu umepewa nafasi, na unaona aliyepewa nafasi hapaswi kusumbua watu.

Uliza, mama. Shukrani haimfungi mtu mdomo. Wazee wetu waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walijua mgeni naye anakuja na kitu.

Anza na hayo matawi. Kabla hujalitupa tawi kwenye tela, tazama limekatwa wapi na macho mangapi ya kuchipua yamebaki kwenye shina. Muulize mwenye mkasi kwa nini ameacha mawili hapa na idadi nyingine pale. Mizabibu ya huko sasa imelala, haina hata jani, na baridi ndiyo iliyoilaza. Kwetu hakuna baridi ya kutosha kuilaza, kwa hiyo mkasi ndio unaoiamrisha: tunapogoa, inachipua, tunavuna Februari na Machi; tunapogoa tena, tunavuna Agosti na Septemba. Wao wanavuna mara moja kwa mwaka. Hiyo Chenin Blanc unayoiokotea matawi ni mbegu ile ile tuliyonayo sisi, tofauti ni anga iliyo juu yake. Waeleze hayo kwa upole siku moja wakati wa chai, kisha uulize: mzabibu usiopata mapumziko unadhurikaje, na ungekuwa wenu, mngeutunza vipi? Nina hakika watakusogezea kiti.

Mashine uliyoipiga picha ni nzuri, lakini mwenye nusu eka Mpunguzi hataweza kuinunua. Chukua sababu ya kila wanachofanya. Wakipiga salfa, uliza ni kwa ubwiri upi, ule ugonjwa wa ukungu, kwa nini asubuhi ile na si wiki iliyopita. Sababu inavuka mpaka bila kulipiwa ushuru.

Na ukipata mwenyeji wa kukutembeza mjini, muulize habari za Abraham Perold, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha hapo hapo. Mwaka 1925 alichavusha zabibu aina ya Pinot Noir kwa ile ya Cinsaut. Ya kwanza ilikuwa ngumu kustawi huko, ya pili inavumilia joto. Akapata mbegu nne tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyokuwa akiishi, na humo ndimo ilimotoka Pinotage, ambayo leo wanajivunia duniani. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Kuna mtu alitazama jua la kwao, akawachagua wazazi wa mche kwa kulifuata. Sisi tuna jua letu, tuna mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, na tuna kituo cha utafiti pale Makutupora. Ukirudi, ningependa uende ukabishe hodi pale.

Sasa hizo Jumamosi zako za kujitolea, kuwafundisha hesabu watoto wa vibarua. Umesema wapo wanaosahau leo ulichowafundisha jana, na umeanza kukata tamaa. Polepole nao. Zamani mashamba mengi ya huko yaliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa divai, utaratibu walioita dop. Ulipigwa marufuku, lakini kuna mashamba yaliyouendeleza kwa miaka mingi baadaye, na ulevi ukabaki ndani ya familia. Mtoto ambaye mama yake alikunywa akiwa mjamzito anaweza kuzaliwa na ubongo ulioumia. Sijui nani kati ya wanafunzi wako yuko hivyo, wala wewe hujui, basi usimwite yeyote mvivu. Sisi tunaolima zabibu tunapaswa kuijua habari hii kuliko watu wengine. Kwangu mimi saa mbili hizo za Jumamosi zina uzito kuliko juma zima la kuosha mapipa, na wakicheka matamshi yako, cheka nao.

Nina ombi moja. Kabla ya kuondoka, omba wakupeleke kwenye kiwanda cha ushirika wa wakulima. Huko wameanza mambo hayo zamani, ule mkubwa wa KWV ulianzishwa mwaka 1918, ingawa sasa umekuwa kampuni. Uliza mkulima akileta zabibu zake nani anapima sukari, na kama mwenyewe anakiona kipimo. Uliza analipwa lini. Uliza gharama ya tanki wanagawana vipi, kwa kilo au kwa hisa. Wewe unajua hali yetu: mnunuzi akichelewa, zabibu zinaozea kwenye waya, na wa mwisho kuuza anapokea bei ya kutupwa. Tukiweza kukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu wenyewe, hakuna atakayetupangia siku ya kuvuna. Majibu hayo nayataka kuliko zawadi yoyote. Yaandike kwenye daftari, simu zinaibiwa.

Mama yako anasema fedha uliyobakiza ya vitabu ununulie koti zito kwanza. Nami nakubaliana naye. Jumapili tupigie baada ya ibada, tutakuwa wote nyumbani.

Baba yako