Barua ya Wazi kwa Gavana wa Lamu: Dunia Ikidorora, Sisi Tutajadiliana na Nani?

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi ni mwenye duka la rejareja hapa mtaa wa Langoni, mji wa Amu, ndio Lamu mjini. Uchumi sikuusomea, lakini mdororo wa dunia huufahamu kabla haujafika magazetini: wateja wa kilo huanza kuomba nusu, na daftari la deni hunenepa. Siku hizi redio haiishi habari za ushuru wa Marekani, bei ya mafuta na mataifa makubwa kubana matumizi. Nimeona nikuulize hadharani: yakitufika, Lamu itajadiliana na nani, na kwa nguvu gani?

Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920. Shelisheli nzima haizidi sana laki moja. Kwa wingi wa watu tunawapita. Wao lakini ni dola: wana sarafu, benki kuu, kiti Umoja wa Mataifa, na saini ambayo wadai wa London na Paris huitambua. Sisi tuna bahari ile ile, watalii wale wale na mafuta yale yale ya kuagiza, ila meza ya mazungumzo hatuna.

Na meza ina kazi. Mwaka 2008 bei za chakula na mafuta zilipopaa, akiba ya dola ya Shelisheli ilikauka. Rupia yao ilikuwa na bei mbili, ya serikali na ya vichochoroni. Mwezi wa Oktoba wakashindwa kulipa riba ya hati ya dhamana, yaani mkopo ambao serikali huuuzia wawekezaji, ya dola milioni 230, basi nchi ikafilisika. Wakaenda kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, Novemba wakaiachia rupia ijitafutie bei yake sokoni, ikaporomoka, na mwananchi akaumia. Lakini mwaka uliofuata nchi wadai za Klabu ya Paris ziliwafutia asilimia 45 ya deni lao. Mwaka 2015 wakarudi na hoja nyingine: deni la takriban dola milioni 21 likabadilishwa, ili fedha ambazo zingeenda kwa wadai ziingie katika mfuko wa kutunza bahari, nao walinde asilimia 30 ya maji yao. Hilo walilitimiza 2020. Katikati ya hayo, 2018, wakauza hati ya dhamana ya dola milioni 15 kwa ajili ya uvuvi na bahari, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

Sisemi Shelisheli ni pepo. Korona ilipofunga viwanja vya ndege, hoteli zao zilikauka kama zetu, na Oktoba 2020 wananchi wakaing'oa serikali. Ilikuwa mara ya kwanza upinzani kushinda urais tangu uhuru wa 1976. Hilo, Mheshimiwa, nalitaja bila vitisho.

Visiwa vingine vimejifunza kwa njia zao. Grenada iliandikiana na wadai wake kwamba kimbunga kikiipiga, malipo yasimame kwanza. Beryl ilipoipiga mwaka 2024, kifungu hicho kikatumika. Maldives, Mohamed Muizzu alishinda urais mwaka 2023 akihubiri kwamba askari wa India waondoke. Mwaka mmoja baadaye dola zilipomwishia alikuwa Delhi, akapewa mkataba wa kubadilishana fedha wa dola milioni 400. Kisiwa kidogo hakina anasa ya kununa muda mrefu, ila angalau chaweza kuchagua kati ya India na China nani akibembeleze. Ndugu zetu wa Ngazija, kule Komoro, wao hutegemea karafuu, vanila, mlangilangi, na zaidi ya vyote fedha za jamaa walioko Marseille. Kazi zikipungua Ufaransa, harusi huahirishwa Moroni.

Sasa turudi kwetu. Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti haikopi mpaka serikali ya kitaifa iidhamini na bunge la kaunti liidhinishe. Kwa hivyo hatuna deni la kubadilisha kwa bahari, na wala siombi tutafutiwe. Deni la taifa linatutosha. Lakini tukikosa silaha za dola, tusikose na silaha za kaunti.

Chukua gunia moja la unga. Likitoka Mombasa hupanda lori hadi Mokowe, gati la upande wa bara. Hapo hamali hulishusha, mwingine akalipakia botini. Boti ikifika gatini Amu, hamali wa tatu hulipandisha, kisha punda hulileta dukani, maana vichochoro vyetu gari haliingii. Likiwa la Kizingitini, kisiwani Pate, ongeza safari nyingine ya boti na mahamali wengine. Petroli ikipanda, huyu huongeza kidogo, yule kidogo, na wote wana haki, kwa sababu nao hununua unga kwangu. Mama wa Kizingitini akiuliza kwa nini paketi ya kwake ni ghali kuliko ya Malindi, jibu ni hilo. Basi fomula ya kugawia kaunti mapato ya taifa iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020, baada ya mabishano ya miezi, ilikuwa na kipimo cha barabara na kipimo cha ukubwa wa ardhi. Maji hayakuwemo. Kaunti ya visiwa vya Amu, Manda, Pate na Kiwayu ilipimwa kama nchi kavu.

Hapa ndipo visiwa vimekuandalia hoja. Kwa miaka mingi vililalamika kwamba kipato cha mtu mmoja mmoja kinadanganya. Shelisheli ilipopandishwa daraja la nchi za kipato cha juu, mikopo nafuu ilianza kuikimbia, na bahari haikuwa imesogea hata shubiri. Agosti 2024 Umoja wa Mataifa ukakubali kipimo kipya kinachotazama udhaifu wa nchi mbele ya misukosuko, si mfuko wake tu. Ichukue hoja hiyo, Mheshimiwa, ipitishe Jumuiya ya Kaunti za Pwani, uifikishe kwa Tume ya Ugavi wa Mapato: gharama ya kuvuka maji ihesabiwe.

La pili liko mikononi mwako kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuanzisha mfuko wake kwa idhini ya bunge la kaunti. Naomba mfuko wa akiba ya bahari. Msimu wa kaskazi, hoteli za Shela zinapojaa, sehemu ya ada za leseni, magati na samaki iwekwe kando. Itoke kwa masharti yaliyoandikwa mapema: mafuta ya boti yakivuka bei fulani, au hoteli zikifungwa. Isitoke kwa simu ya mkubwa, na usiwe mfuko wa kugawa vikapu vya Ramadhani vyenye picha ya mtu.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya kamba mawe. Mvuvi wa Pate hukopeshwa na tajiri nyavu, mashine na posho, naye hulipa kwa kumuuzia tajiri huyo huyo kwa bei aliyoipanga. Hoteli zilipofungwa 2020, tajiri alikata ununuzi lakini deni hakulikata. Nilikuwa nikiwauzia vijana wale mchele, na walichoniletea badala ya fedha ni kamba, ambao mimi sina barafu ya kuwahifadhi. Mfuko ungeendesha mtambo wa barafu na ghala baridi kwa miezi michache ya dhiki, mvuvi akapata muda wa kungoja bei.

Na sisi dhiki yetu haingoji mdororo wa dunia. Utekaji nyara wa Kiwayu na Manda mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 yalitufungia hoteli, na amri za usiku zikawazuia wavuvi kutoka. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi takriban 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Kumbe bahari yetu ina bei, na mahakama imeitaja. Bali fidia huja mara moja ikaliwa, nayo bandari ipo daima.

Ukiridhika na haya, mswada wake usisomwe hotelini Amu peke yake. Uletwe Faza, Siyu, Kizingitini na mji wa Pate, kwa lugha ambayo wavuvi wanaielewa, na hesabu za mfuko zibandikwe kwenye kila banda la samaki. Kwa Siyu na Pate, watu wako wa itifaki waulize manahodha kabla ya kupanga saa ya kikao. Maji yakiwa yamekupwa boti haiingii, na wenyeji wamechoka kungoja wageni waliokwama kwenye mkondo wa maji.

Wako,
Mwenye duka, Langoni, Amu