Naomba neno moja tu

Kirumba, Jumapili usiku

Dotto ndugu yangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, ila umeme umekatika na nakuandikia kwa tochi ya simu. Nimekaa kimya tangu arobaini ya bibi, najua. Mama Kulwa kanieleza ulivyonisema pale kwake. Haya, nimekoma.

Shida yangu ni neno. Nimepata kibarua cha kutafsiri habari za wafanyakazi wa London ya karne ya 19. Nikadhani chapuchapu. Mwasha taa za gesi mitaani hana tabu. Yule aliyepita alfajiri na ufito mrefu akigonga madirisha ya ghorofani ili watu wawahi kiwandani nimemwita mwamshaji, ingawa kichwani naona vijana wa ngoma za daku. Huyu lakini alilipwa kwa wiki.

Nimekwama kwa waokota mavi ya mbwa. Usicheke! Walizunguka na ndoo, wakaenda kuyauza kwenye viwanda vya ngozi vya Bermondsey. Ngozi ikitoka kwenye chokaa ni ngumu. Ikisuguliwa kwa mavi yale, chokaa inatoka na yenyewe inalainika, ikafaa kwa glavu na majalada ya vitabu. Kwa kuwa yanatakasa ngozi, Waingereza wakayaita safi. Ndiyo, safi! Sasa niandike "msaka safi"? Mteja atasema nimelewa. "Mwokota mavi" nalo linaua utani wote.

Na wajanja walikuwepo: wengine walichanganya na lipu ya kuta kuukuu ili ndoo ijae. Nikakumbuka lile gunia letu la dagaa wa Mwaloni, nusu mchanga, ukasema hata dagaa wanahitaji godoro.

Jana nimepita Makoroboi nikawaza, jina lipo, koroboi zenyewe ziko wapi? Kuna siku mtoto atauliza mpaa samaki alikuwa nani, na sisi... basi, tuache.

Wewe uliyefundisha Kiswahili miaka yote hiyo, ungemwitaje huyu mtu wa ndoo? "Mtafuta safi" limekaaje masikioni? Au mzee wako anajua neno la Kisukuma la dawa ya kulainishia ngozi? Na goti lake? Baiskeli umeshauza, au bado unamringia nayo Mama Kulwa?

Nijibu kabla ya Jumatano. Malipo ya awali yenyewe sijayaona, lakini neno nalitaka.

Ni mimi,
Kaka yako wa Kirumba