Msituambie tuchangamke, tupangieni makundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu, aliyejitambulisha kuwa ni mwajiri hapa Dar es Salaam, ambaye aliandika kwamba wahitimu wetu hawajui kujieleza. Anasema anawaita vijana kwenye usaili, vyeti vyao vizuri, lakini wakiulizwa swali wanatazama meza. Dawa aliyoipendekeza ni vyuo kuongeza alama za kuzungumza darasani, na asiyesema akose alama mpaka ajifunze.

Mimi ni mmoja wa hao wanaotazama meza. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha serikali, nasomea ualimu, masomo yangu ni Kiswahili na Jiografia. Asishangae kusikia mtu mwenye haya kachagua ualimu, tuko wengi. Na sipingi kwamba kujieleza kuna umuhimu wake. Ninachopinga ni hiyo dawa, kwa sababu mwaka wa kwanza nimeshaimeza na nimeona ilivyofanya kazi kwangu na kwa wenzangu.

Kwetu ni Newala, mkoani Mtwara, wazazi wangu ni wakulima wa korosho. Kidato cha tano na cha sita nilisoma shule ya bweni ya wasichana mkoani Ruvuma, na baada ya mtihani wa Mei nikaitwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, nikapangiwa kambi ya Mafinga. Mtu angedhani huko ndiko mpole anakoumia. Baridi ya Mafinga iliniumiza kweli, na mchakamchaka wa alfajiri sina hamu nao. Lakini upweke sikuuona. Siku ya kuripoti afande alisoma majina: wewe kombania hii, kitanda kile, anayelala juu yako ni huyu. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tunajuana, maana tulichota maji pamoja na kusugua masufuria yale yale. Hakuna kuruta aliyeambiwa akajitafutie kombania. Bwenini nako vivyo hivyo: zamu za usafi zimebandikwa ukutani, meza yako ya chakula inajulikana, dada mkuu wa bweni anakujua kwa jina. Nilikuwa mkimya na nilikuwa na marafiki. Mambo hayo mawili hayakugombana.

Chuoni yakagombana.

Vyuo vyetu hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, wakati ambao huko kwetu minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza. Korosho za baba zilikuwa ghalani, malipo yanasubiri mnada, mimi nikashuka Mbagala Rangi Tatu jioni nikiwa na begi, godoro na fedha ya kubahatisha, nikilitegemea bumu. Kwa wasiolijua, bumu ni fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Kwa sasa ni shilingi 10,000 kwa siku, ila haiji kila siku, inakuja kwa mkupuo, na mkupuo wa kwanza una desturi ya kuwatazama kwanza watu wakipata njaa.

Wiki ya mwanzo ilikuwa ya kutukaribisha. Tuliingizwa ukumbini mamia kwa mamia, wakubwa wakasimama kwa zamu: maktaba, zahanati, nidhamu, serikali ya wanafunzi. Kila hotuba iliishia na "kuna mwenye swali?" Maswali nilikuwa nayo. Sikujua namba ya usajili inapatikana ofisi gani, sikujua semina ina tofauti gani na lekcha. Lakini kipaza sauti kilikuwa mbele kabisa, karibu na jukwaa, na ili ukifikie ulipaswa kuwapita watu wote wale. Walioinuka kuuliza walikuwa wachache na walikuwa wale wale kila siku. Mmoja wao ndiye baadaye tuliyemchagua kuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa letu. Nilimpa kura, maana jina jingine silijui.

Chumba tulipangiwa wanne, tukalala sita, kwa sababu wenzangu wawili walikuwa wamebeba ndugu na rafiki waliokosa hosteli. Wote watano walikuwa wanajuana tangu sekondari. Nilikuwa kibarazani naanika nguo nilipomsikia mmoja akiuliza, "Hivi huyu Mmakonde anaringa nini?" Siringi. Sijui tu mahali pa kuingilia katika maongezi ya watu watano wanaokumbushana visa vya shule moja. Sasa huyo aliyeuliza ni rafiki yangu, na tunacheka tukikumbuka, lakini muhula mzima ulipita kabla hatujafika huko.

Nisipoteze nafasi yako kwa mambo ya chumbani. Shida yenyewe iko darasani, katika agizo ambalo wahadhiri wengi hulitoa bila kulifikiria: jipangeni.

Wiki za mwanzoni mhadhiri wa kozi inayosomwa na mwaka wa kwanza karibu wote alitoa asaimenti ya makundi, watu kumi kumi, kuandika na kisha prezentesheni. Akamwambia CR tujipange. CR akaandika usiku kwenye kundi la WhatsApp kwamba kila kundi limtumie majina. Mimi bando lilikuwa limekata. Nilipoingia asubuhi, makundi yalikuwa yameshajaa, na ukiyasoma majina unaona yalivyojaa: waliotoka shule moja, wa hosteli moja, wanaosali pamoja, wenye kompyuta mpakato na marafiki wa wenye kompyuta mpakato. Kuna ujumbe unaotakiwa kuandikwa hapo: "Habari zenu, kuna kundi lina nafasi?" Niliuandika nikaufuta, nikauandika tena nikaufuta tena. Mwishowe CR akatukusanya sisi mabaki, akatupa namba ya mwisho katika orodha.

Hebu fikiria, ndugu Mhariri, watu saba wamewekwa pamoja kwa sifa moja tu, kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuomba nafasi. Kundi letu la WhatsApp lilikaa siku kadhaa halina neno. Wa kwanza kuandika alikuwa kijana wa Pemba. Aliandika "Assalaam aleikum". Sote sita tukajibu "Waaleikum salaam", tukiwemo Wakristo watatu, kisha kimya kikarudi pale pale.

Tulipokutana hatimaye kwenye kimbweta, yaani meza ya zege ya kusomea nje, kila mtu alifika na karatasi zake. Kumbe kila mmoja alikuwa ameifanya asaimenti nzima peke yake, akihofia kwamba wengine hawataifanya, na akiona aibu kuwauliza. Tulikuwa na asaimenti saba. Tuliziweka juu ya zege tukawa tunasoma za wenzetu, tukipiga mistari kwa penseli pale palipotupendeza, na kwa mara ya kwanza tangu nifike chuoni nilijisikia niko na watu. Kazi ya maandishi ilipata nane kati ya kumi.

Ikaja prezentesheni. Tulipiga kura kwa vikaratasi, ikamwangukia yule wa Pemba. Alisimama, akasoma kwa Kiingereza, macho kwenye karatasi, sauti ikifika mstari wa pili. Alipomaliza, mhadhiri akauliza ni nani aliyetuandikia kazi ile. Ukumbi ukaangua kicheko. Tulipewa tatu kati ya kumi.

Sasa mwajiri afanye hesabu pamoja nami. Chuoni kwetu alama 40 zinatokana na kazi za muhula na 60 na mtihani wa mwisho, UE. Ndani ya zile 40 kuna majaribio, asaimenti, prezentesheni na ushiriki katika semina. Asiyesema anaingia kwenye UE akiwa tayari yuko nyuma, na zikimpungukia kidogo tu anabaki na sapu, anarudi kufanya mtihani wakati wenzake wako likizo. Adhabu ya kutosema, kwa hiyo, ipo tayari, na si ndogo. Je, ilimfundisha kijana wa Pemba kusema? Muhula wa pili alihamia viti vya nyuma.

Lakini kuna mahali alisema, na mahali hapo ndipo panaponifanya niandike barua hii. Katika semina ya Kiswahili tulifika kwenye lahaja. Mwalimu wa semina aliuliza kama kuna yeyote mwenye lahaja yake nyumbani, akatazama orodha, akamwita kwa jina. Kijana akaanza na mifano miwili mitatu ya Kipemba, akaendelea, akatoa ya wavuvi, akatoa ya bibi yake, akabishana na mwenzake wa Makunduchi kuhusu neno moja, na saa ikatukuta hapo. Hakuna aliyemwambia apaze sauti. Ni mtu yule yule. Kilichobadilika ni kwamba aliitwa, aliulizwa anachokijua, tena kwa lugha anayoiotea ndoto. Suala la lugha ya kufundishia limejadiliwa katika kurasa hizi tangu sijazaliwa, silifungui upya, ila nasema tu kwamba mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza cha kukariri, ukimsimamisha mbele ya mamia azungumze Kiingereza, unapima mambo matatu kwa mpigo halafu unaandika alama moja.

Kuna na la macho. Katika kozi ya stadi za mawasiliano tulifundishwa kwamba mzungumzaji humtazama msikilizaji machoni, na kuna alama za hilo. Kwetu binti akizungumza na mkubwa huinamisha macho, na mama yangu angeniuliza nimepatwa na nini nikimkazia macho mzee wa watu. Najifunza, nitaweza, maana nitakuwa mbele ya wanafunzi wangu. Lakini naomba ieleweke kwamba ninayeinamisha macho mbele ya mwajiri huenda namheshimu.

Kila niliyemweleza haya aliniambia neno lile lile: changamka. Wapo walioniambia kwa upendo, wapo kwa kukereka. Baba ndiye aliyecheka kwenye simu, akasema hajawahi kuona mkorosho ukizaa kwa kupigiwa kelele, unapaliliwa. Na msomaji atakayetaka kunifariji kwa methali ya kimya kingi na mshindo wake, namshukuru, lakini mimi sina mshindo wowote ninaouficha. Nataka tu kusoma shahada yangu.

Basi tupalilieni. Na hapa sidai fedha ya mtu. Tuna mhadhiri mmoja wa Jiografia, mzee, darasa lake ni kubwa kama mengine. Dakika za mwisho za kipindi huwaambia wanafunzi waandike swali moja kwenye kipande cha karatasi, wenye kutaka waandike na namba ya usajili, kisha CR anavikusanya. Kipindi kinachofuata anaanza kwa kuyajibu baadhi. Swali langu kuhusu kwa nini uwanda wa Makonde hauna mito ilhali mvua inanyesha alilisoma mbele ya wote, akasema swali hili limeulizwa na mtu aliyebeba ndoo kichwani. Kweli nimebeba, maana kwetu maji ya mvua huzama mchangani na chemchemi ziko chini bondeni, mteremko mkali kwenda, mlima kurudi. Akatumia nusu saa nzima kulijibu. Wiki iliyofuata nilimfuata ofisini kwa miguu yangu mwenyewe kuuliza zaidi. Sikuongezewa alama hata moja kwa hilo.

Wahadhiri wa semina nao wanaweza kutangaza mapema nani atazungumza wiki ijayo, kwa kufuata orodha, badala ya kusubiri mikono. Mwenye haya akijua zamu yake ni Alhamisi, atajiandaa tangu Jumapili, atalala vibaya Jumatano, na Alhamisi atasema. Anachoshindwa ni kunyang'anyana nafasi na watu ambao mikono yao huinuka kabla swali halijaisha.

Na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ambako tunaambiwa twende tukizidiwa, ihamishe basi mlango wa unasihi. Chuoni kwetu mlango huo uko kwenye ujia ule ule wanaopangia foleni watu wa mikopo. Mtu aliyeshindwa kuvuka ukumbi kukifuata kipaza sauti hawezi kuipita foleni ya watu mia wanaomwangalia anaingia wapi.

Lakini la haraka kuliko yote ni makundi, kwa sababu wa mwaka wa kwanza wanaripoti karibuni, na asaimenti ya kwanza haikawii. Wahadhiri, walau muhula wa kwanza, msiseme jipangeni. Na kama wakisema, nyinyi mtakaochaguliwa kuwa CR msikimbilie WhatsApp. Orodha ya usajili mtapewa. Anzeni na namba ya kwanza, hesabuni kumi, pigeni mstari, hesabuni tena kumi, kisha ibandikeni ubaoni ambako hata asiye na bando ataiona.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili,
Jina limehifadhiwa,
Dar es Salaam.